Kesi ya chungu 5,000: tulicheka, tukapiga hesabu ya bei, mlango tukauacha wazi

Ile kesi ya madogo wawili wa Kibelgiji nadhani wengi mnaikumbuka. Aprili 2025 walikamatwa kwenye nyumba ya wageni kaunti ya Nakuru huko Kenya wakiwa na chungu 5,000, nasema wale wadudu, malkia watupu, wamepangwa kwenye vichupa 2,244 vyenye pamba ndani, na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakasema vichupa vile vimeandaliwa hivyo ili mdudu akae hai hata miezi miwili. Tarehe 7 Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA Nairobi ikawapa faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mmoja au jela miezi 12, na adhabu hiyohiyo wakapewa Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja ambao nao walikutwa na chungu wao mia kadhaa. Mtandaoni ikawa kichekesho, mara njooni mbebe na mende wa jikoni kwangu bure, mara chukueni na mbu wetu na usafiri tutawalipia sisi. Alafu likaja kundi la pili ambalo lilisoma mahali kwamba malkia mmoja wa aina ile anaweza kuuzwa Ulaya mpaka kama dola 220, likashika kalkuleta, likakuta zaidi ya dola milioni 1, na kicheko kikageuka uchungu, kumbe tumekalia dhahabu na kila siku tunaikanyaga!

Mimi naona makundi yote mawili yamekosea na kosa lao ni moja. Wote wanamhesabu mdudu kwa kichwa kama mbuzi mnadani, huyu anasema kichwa hakina thamani, yule anasema kina dola 220. Mdudu wa nchi za joto thamani yake iko kwenye kazi anayoifanya pale alipo, na wale anaoishi nao, ukimtoa pale kazi ile inaweza kufa, na huko unakompeleka anaweza kuanzisha kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Kwahiyo kesi ya Nakuru ingesomwa kwanza kama kesi ya kuhamisha viumbe, habari ya wizi na bei ije baadaye. Na ukiisoma hivyo unakuta jambo ambalo kwenye ule mjadala wote karibu hakuna aliyeligusa: hasara kubwa zaidi ya mambo ya chungu iliyopimwa hapa Afrika Mashariki haijaletwa na chungu waliotoka, imeletwa na chungu walioingia, na kwa hao hakuna aliyekamatwa, hakuna faini, hata utani haukupigwa.

Tuelewane majina kwanza maana hapo nako ni vurugu. Watu wamewaita siafu, wengine mchwa, wengine sisimizi, yani kila mtu na lake. Siafu ni wale wawindaji wa msururu, wakiingia ndani usiku mnawapisha nyumba nyie. Mchwa si chungu kabisa, kiukoo yuko karibu na mende kuliko na chungu, kinachowafananisha ni yale maisha ya kuwa na malkia na wafanyakazi tu. Wale wa Nakuru ni chungu wavunaji, jina la kitaalamu Messor cephalotes, wakubwa kwa chungu na wana wekundu fulani hivi, chakula chao mbegu za nyasi. Wanaziokota, wanazibeba mpaka shimoni, wanazihifadhi kwenye maghala chini ya ardhi, na katika kubeba nyingine zinadondoka njiani, nyingine zinasahaulika, zinaota mahali ambapo nyasi mama isingefika. Huku juu udongo wa chini unatolewa, wa juu unaingia, maji ya mvua yanapata njia. Ni kazi ya trekta na mpanda mbegu kwa pamoja, na haina mshahara.

Sasa malkia. Sisi tuliokulia Tanga tumekimbizana sana na kumbikumbi, mvua ikikatika unawasha taa, unatega beseni la maji, asubuhi watu wanakaanga. Chungu wavunaji nao wana siku yao kama hiyo, mvua zikishika vizuri wale wenye mbawa wanatoka, madume kwa majike, wanapandana, dume anakufa, jike anakata mbawa zake mwenyewe na kuchimba kashimo ka kuanzia maisha. Ndo maana mzigo ule ulikuwa malkia watupu na ndo maana ulikamatwa Aprili, wakati wa masika, mkusanyaji haendi kufukua kichuguu, anangoja siku yao ya kuruka anaokota. Na kila anayeokotwa ni kijiji kizima ambacho kingekuja kuwa na maelfu ya wafanyakazi, maana huyo ndo mtagaji, akikosekana hakuna wa kushika nafasi yake, na malkia wa baadhi ya aina za chungu wanaishi zaidi ya miaka 20.

Hapo ndo watu wanaposema aah, wadudu wengi bana, huwezi kuwamaliza. Nitalijibu hilo lakini kwanza tuangalie huo wingi wenyewe maana una pande mbili na tunazichanganya. Kuna wingi wa idadi, na hapo chungu hana mpinzani, mwaka 2022 watafiti walijumlisha tafiti za dunia nzima wakakadiria chungu ni 20 ikifuatiwa na sifuri 15, na ukipima ile kaboni iliyo mwilini mwao inazidi ya ndege wote wa porini na mamalia wote wa porini ukiwaweka pamoja. Kuna na wingi wa aina. Wadudu waliokwishapewa majina ya kisayansi ni kama milioni 1, wakati makadirio yanayokubalika na wengi sasa hivi yanasema wapo kama milioni 5.5, maana yake kwa kila aina moja tunayoijua kuna zaidi ya nne hazina jina, na nyingi ya hizo ziko huku kwetu kwenye joto. Mwaka 1982 Mmarekani mmoja, Terry Erwin, alitumia hesabu za mbawakavu aliowaangusha kwa moshi wa dawa kutoka kwenye miti ya aina moja tu huko Panama, akaandika kwamba wadudu na jamaa zao wanaweza kufika aina milioni 30. Baadae wenzake waliipunguza sana ile namba, lakini swali lake likabaki, kwamba kama mti mmoja una wadudu wake ambao mti wa jirani hana, je tukikata msitu tumekata nini hasa? Wingi wa namna hii ni wingi wa wachache wachache. Ukitega mitego kwenye msitu wa tropiki, sehemu kubwa ya aina utakazopata utazikuta na mdudu mmoja mmoja tu. Kwahiyo "wadudu ni wengi" ni sentensi ya kweli ambayo haikusaidii kujua kama huyu mdudu, wa kilima hiki, ni mwingi.

Na mdudu wa kilima hiki ana jamaa zake. Hapa naomba tukae kidogo maana bila hili hoja yangu haisimami. Nenda Laikipia huko Kenya, ile ardhi ya udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, karibu miti yote unayoiona ni migunga mifupi ya miiba mirefu, na kwenye baadhi ya miiba kuna vinundu vyeusi kama vifundo vya kamba, ndani vitupu, vina vitundu, upepo ukipita vinapiga mluzi. Mle ndani wanaishi chungu wadogo. Mti unawapa nyumba na maji matamu, wao wanaulinda mti. Tembo akipeleka mkonga kuvunja tawi wanamiminika mpaka ndani ya mkonga wanamuuma pale penye ngozi laini, na yule mnyama wa tani kadhaa, anayesukuma mbuyu, anauacha mgunga anaenda kutafuta kingine. Watafiti hukohuko Laikipia waliwahi kujaribu kinyume chake, wakazungushia migunga uzio tembo, twiga na wenzao wasifike, wakaacha miaka 10. Ungetegemea miti istawi. Miti ikapunguza vinundu na ikapunguza maji matamu, kama mwenye nyumba aliyeona hakuna wezi akapunguza mshahara wa mlinzi, wale walinzi wazuri wakapungua, nafasi ikachukuliwa na chungu wa aina nyingine ambao hawajali mti na wanaishi kwenye matundu ya mbawakavu watoboaji, mwishowe miti iliyolindwa na uzio ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile inayoliwa. Hii imechapishwa tangu 2008 na mimi kila nikiifikiria nacheka, kwasababu ukiulizwa mitihani yote ya shule ungejibu kinyume.

Alafu akaingia mgeni. Anaitwa chungu wa kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, asili yake inadhaniwa ni visiwa vya Bahari ya Hindi na ameenea karibu nchi zote za joto kwa kupanda mizigo ya watu, udongo wa miche, magunia, mbao, vifaa vya ujenzi. Laikipia ameonekana kama miongo miwili hivi iliyopita. Anapanda mgunga, anawaua wale walinzi wadogo, anakula mayai na mabuu, anamaliza, na yeye kulinda mti hana habari nako. Januari 2024 Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya kazi yao ya pale hifadhi ya Ol Pejeta, hukohuko Laikipia: sehemu alizovamia mgeni tembo wanavunja miti mara 5 mpaka 7 ya kawaida. Miti ikiisha panakuwa uwanja. Uwanja ukishakuwa mweupe pundamilia anamuona simba toka mbali, na simba kwa pundamilia anategemea kujificha na kuvizia, kwahiyo pundamilia kuuawa na simba kulikuwa karibu mara 3 zaidi sehemu ambazo mgeni hajafika kuliko alikofika. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya windo la simba pale, 2020 wakawa asilimia 42, na nyati ambaye mwanzo hakuwemo kabisa kwenye hesabu akawa asilimia 42. Simba hawajapungua, tuseme ukweli, wamebadilisha mboga tu, lakini wamehamia kwa mnyama anayeua simba. Ukimwambia mtu kijiweni kwamba simba anapigana na nyati kwasababu ya chungu aliyekuja na mzigo atakuuliza umekunywa nini.

Huku pwani hatuna haja ya kwenda Laikipia, tunao huyohuyo mgeni na kesi yake ni ya zamani zaidi. Mnawajua majimoto, wale chungu wa kahawia wanaoshona majani ya mwembe na mkorosho kufanya viota, ukigusa tawi unajuta. Wakwezi wa nazi hawawapendi hata kidogo na nawaelewa, mjomba wangu alikuwa anachoma viota vyao kwa mwenge wa makuti kabla ya kukwea, alafu mwaka huohuo analalamika vidaka vinapukutika mnazi haubebi. Hakuwa anaunganisha. Kuna kunguni wa minazi anayefyonza vidaka mpaka vinaanguka, na anayemfukuza kunguni huyo ni majimoto. Utafiti wa Zanzibar ulishalionyesha hilo tangu miaka ya 1950, na ukaonyesha kwamba adui mkubwa wa majimoto ni chungu wa kichwa kikubwa, ambaye anakaa chini ya mnazi na kumzuia majimoto asishuke wala asipande. Pale walipompunguza mgeni majimoto walirudi na nazi zikaongezeka. Kwahiyo tangu babu zetu huyu jamaa anakula nazi zetu bila kuzigusa, na mpaka leo ukimuuliza mkulima adui wa mnazi ni nani atakutajia chonga na panya, chungu hatamtaja, au atamtaja yule asiye na kosa.

Turudi kwenye mabishano. Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya wadudu hawaishi, na naijibu kwa kuanza na ukweli wake maana upo. Ni kweli malkia wengi wanaoruka siku ya mvua hawafiki popote, wanaliwa na ndege, mijusi, vyura, na chungu wenzao, kwahiyo kumuokota mmoja si sawa na kumuua malkia mwenye kichuguu cha miaka 10. Mtu akisema chungu 5,000 waliookotwa Nakuru wangemaliza ukoo wa Messor Kenya anatia chumvi, na hiyo tuwaachie wanaharakati wa mabango. Ila kutoka hapo kuruka mpaka "hawaishi" ni kuruka shimo. Marekani karne ya 19 walikuwa na nzige wa milima ya Rocky, kundi moja la 1875 lilikadiriwa kuwa na nzige zaidi ya trilioni 3, lilifunika anga siku kadhaa, na mwaka 1902 ndo nzige wa mwisho wa aina ile alionekana akiwa hai. Miaka 27. Hakuna aliyewawinda, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wakulima walilima yale mabonde machache ambako nzige walikuwa wanataga. Yani wingi wa juu ulikuwa unategemea sehemu ndogo chini, na iliposhikwa ile sehemu basi. Mkusanyaji wa malkia naye hasambai nchi nzima, anarudi palepale anapopajua, msimu baada ya msimu, anachagua jike tu tena lililokwishapandwa. Na wakati wa kusema wameisha au hawajaisha tutatumia hesabu gani? Ujerumani wana mitego ya tangu 1989 ndo maana 2017 waliweza kusema uzito wa wadudu warukao kwenye hifadhi zao umeshuka kwa zaidi ya asilimia 75 katika miaka 27. Utafiti maarufu wa tropiki uliodai anguko kama hilo, wa msitu wa Luquillo Puerto Rico, ukapingwa na wengine waliochambua takwimu za palepale. Kwenye nchi za joto kumbukumbu ndefu za namna hiyo zinahesabika, na kutokuwa na hesabu hakuwezi kugeuzwa kuwa ushahidi kwamba mambo ni shwari.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, inasema faini ile ilikuwa kubwa mno kwa vijana wapenda wadudu, na lugha ya hukumu ilivuka mpaka kwa kugusia biashara ya utumwa. Hapo mimi niko katikati. Utumwa ungeachwa, kuna watu pwani hii wana mababu waliouzwa kweli na hawahitaji kufananishwa na chungu. Lakini kiasi cha mzigo hakikuwa cha mpenda wadudu, mtu anayefuga kwa kujifurahisha anahitaji malkia mmoja, wawili, watano. Na soko lipo kweli, watafiti waliofuatilia mauzo ya mtandaoni China kwa miezi 6 walihesabu karibu makundi 59,000 ya chungu wa aina 209, zaidi ya robo ya aina hizo zikiwa si za asili ya kule. Hiyo namba ya mwisho ndo inayonitisha kuliko bei. Kila kichupa kinachouzwa ni mbegu ya Laikipia nyingine mahali pengine, mtu akichoka kufuga anamwaga bustanini, na chungu mvunaji anayekula mbegu akipata hali ya hewa inayomfaa kwenye eneo la kilimo cha nafaka sijui watamwambia nini mkulima wa kule. Kwahiyo hukumu ile iliwalinda pia watu wasioijua Nakuru iko wapi, ingawa haikusomwa hivyo.

Sasa hoja ambayo kwangu ndo nzito kuliko zote, ya wale wanaosema kama wazungu wanataka si tufuge tuuze kihalali, watu wa vijijini wapate hela? Sioni cha kuwacheka hapo. Mradi wa Kipepeo pale Gede, pwani ya Kenya, pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ulianza 1993, wakati ambao wanakijiji wengi walikuwa wanataka msitu ule ukatwe wagawiwe mashamba. Wakafundishwa kufuga vipepeo, kuuza pupa, yani kiwavi akiwa kwenye ganda lake kabla hajawa kipepeo, kwenye majumba ya maonyesho Ulaya na Marekani, na msimamo wa wengi juu ya msitu ukabadilika kwa sababu mama kipepeo anatoka msituni na jani la kiwavi linatoka msituni. Amani kule Muheza wakafanya mradi kama huo, akina mama wa Usambara Mashariki wakasomesha watoto kwa pupa. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, kulikuwa na sababu zake, biashara ya wanyama hai ilikuwa imeoza, lakini twiga na pupa wakawekwa kapu moja na wafugaji wa vipepeo wakakosa soko usiku mmoja. Hapo ndo unaona madhara ya kuhesabu vichwa, sheria iliona "mnyama hai" haikuona kwamba mmoja anatolewa porini na mwingine anazalishwa nyuma ya nyumba kwa faida ya msitu.

Lakini msichukue mfano wa kipepeo mkaubandika kwa chungu moja kwa moja. Kipepeo mmoja jike anataga mayai mengi, porini karibu yote yangeliwa, ukimlinda kwenye kizimba unapata pupa wengi bila kupunguza chochote porini. Chungu wa aina nyingi huwezi kumpandisha kizimbani, wanahitaji ile siku ya mvua na anga la kuruka, ndo maana malkia wanaouzwa wametoka porini karibu wote. Mtu akikuletea mradi wa kufuga chungu wavunaji kwa ajili ya kuuza nje muulize swali moja tu, malkia wa pili unampata wapi. Akikwambia anaokotwa, huo ni ukusanyaji wenye risiti. Na kuhusu haki ya faida, kuna hadithi ambayo ningependa wanasheria wetu waijue: mwaka 1981 kuna fukusi mdogo alichukuliwa Cameroon akapelekwa Malaysia kuchavusha michikichi, kwasababu kabla ya hapo kule walikuwa wanachavusha kwa mikono, vibarua shambani na unga wa chavua. Mavuno yakapanda, vibarua wale wakawa hawahitajiki, na mawese ya Malaysia yakawa yale mnayoyaona dukani. Hakuna aliyevunja sheria, Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida za rasilimali za kijenetiki ilipitishwa 2010, ikaanza kutumika 2014. Fukusi yule ndo mfano wangu wa thamani ya mdudu. Bei yake kwa kichwa ilikuwa sifuri.

Ukikubali hivyo vyote, yani kwamba thamani ni kazi na hatari ni kuhamisha, basi macho yanatakiwa yaangalie pande zote za mpaka. Kesi ya Nakuru imewafundisha maafisa kuangalia vichupa vyenye pamba kwa anayetoka. Nani anaangalia chungu kwa anayeingia? Kenya kuna KEPHIS, Tanzania kuna TPHPA, hao ndo wakaguzi wa afya ya mimea, na wanafanya kazi, lakini jicho lao kwa kawaida liko kwenye mbegu, matunda na magonjwa ya mazao, na hata hapo tumeona viwavijeshi wa Amerika walioripotiwa Afrika Magharibi 2016 walivyofika mashamba yetu ya mahindi 2017 bila kugonga muhuri popote. Mdudu asiyekula mahindi hana wizara. Chungu wa kichwa kikubwa hakuwa na mazao ya kuharibu Laikipia, aliharibu urafiki wa mti na chungu, na urafiki hauko kwenye fomu ya forodha. Hifadhi nazo zinamleta zenyewe, maana anafuata makazi ya watu, majengo, bustani za mahoteli, miche ya maua inayoletwa na udongo wake kutoka mjini, alafu kutoka pale anatambaa mwenyewe kama mita 50 kwa mwaka kuingia porini. Mita 50 ni kidogo, lakini gari la kubeba kokoto linamsogeza kilometa 200 kwa siku moja.

Kwahiyo kama ningeulizwa na anayepanga bajeti ningesema wekeni hela sehemu ya kuchosha, isiyo na kamera: watu wa kuhesabu na kuwataja wadudu. Makumbusho ya Taifa ya Kenya pale Nairobi yana mkusanyiko wa wadudu zaidi ya milioni, icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970 bado ipo na ilijengwa na Mkenya akiwa na wazo kwamba mdudu wa Afrika asomwe Afrika, hatuanzi na sifuri. Kinachokosekana ni mtu wa wilaya, anayejua kutofautisha majimoto na mgeni, kama vile bwana shamba anavyotofautisha ugonjwa na njaa ya mbolea. Hilo halihitaji digrii, mtoto wa darasa la tano akionyeshwa mara mbili anajua, wale askari wa kichwa kikubwa hawafichiki.

Mwaka jana nilipita mpakani Horohoro nikitokea Mombasa. Mbele yetu kulikuwa na pikapu ya miche, mipapai, miembe ya kupandikiza, maua ya kupamba, kila mche kwenye mfuko wake mweusi wa nailoni na udongo wake. Karatasi zilikaguliwa vizuri tu, na yule afisa alikuwa makini, aligeuza majani akaangalia chini yake. Mifuko hakuna aliyeinyanyua. Mimi nilikuwa nimesimama karibu nikaona kwenye mmoja, pale tundu la kutolea maji, wanaingia na kutoka.